Latitudo na Longitudo: Mistari ya Kubuni Inayokamata Mashua

Fasili ya shuleni husema latitudo ni mstari wa kubuni unaoizunguka dunia kutoka mashariki hadi magharibi, na longitudo ni ule unaotoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Kwa mtihani inatosha. Lakini mpelekee mvuvi wa Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, uone atakavyokutazama. Mistari hiyo ya kubuni ndiyo inayoamua kama usiku wa leo anatega nyavu kwao au kwa jirani bila kibali.

Tuanze kwa kuutoa mstari kwenye fasili. Latitudo ni kipimo cha pembe. Mtu angeweza kusimama kitovuni mwa dunia, akanyoosha mkono mmoja kuelekea Sori na mwingine kuelekea ikweta kaskazini yake, uwazi kati ya mikono hiyo ndio latitudo ya Sori. Ni uwazi mdogo, kama dakika 50 kusini. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ya latitudo ni takriban kilomita 1.85 juu ya uso wa dunia, ile maili ya mabaharia. Kwa hiyo Sori iko kilomita 90 na ushee kusini ya ikweta, ambayo kwa upande huu wa Kenya hupita Maseno. Ukiunganisha sehemu zote zenye pembe sawa na ya Sori, hapo ndipo unapata mstari.

Longitudo nayo ni pembe, ila inapimwa kutoka Greenwich, London. Sori iko digrii 34 na dakika kadhaa mashariki. Pembe hii ni ndugu wa saa, kwa kuwa dunia hujizungusha digrii 15 kila saa. Saa za Kenya zimefungwa kwenye digrii 45 mashariki, mbali na hapa, ndiyo maana jua la Sori hufika utosini, kwa wastani wa mwaka, kama dakika 43 baada ya saa sita mchana. Mombasa hulipata dakika 22 hivi kabla ya Sori. (Hapa mwanafunzi ana haki ya kulalamika: neno dakika linabeba muda na pembe pamoja. Ukiandika, taja unakusudia ipi.)

Majina yenyewe yametoka Kilatini, upana na urefu. Waarabu pia husema upana na urefu, ardh na tul. Sababu ni kwamba ulimwengu waliouchora wataalamu wa kale, kandokando ya bahari ya Mediterania, ulikuwa mrefu kwa mashariki-magharibi na mfupi kwa kaskazini-kusini. Kwa hiyo kuyatafsiri kuwa upana na urefu kungemchanganya Mkenya, ambaye nchi yake imesimama wima zaidi ya kulala. Naona wanaleksikografia walifanya vyema kuacha latitudo na longitudo kama zilivyo. Ningewaomba tu neno kubuni walibadilishe, kwa sababu msomaji hulielewa kuwa si kweli.

Ukweli wa mistari hii unaonekana kusini kidogo ya Sori. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani, zikigawana Afrika Mashariki, zilikubaliana kwamba mpaka utoke pwani, mlangoni mwa Mto Umba, hadi pale digrii 1 kusini inapokata ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mkataba wa Julai 1, 1890 ukaupitisha mstari huo juu ya maji hadi Kongo. Pale unapogusa nchi kavu ni jirani ya Muhuru Bay, na hadi leo ndipo Kenya na Tanzania zinapoachana.

Mpaka wa Kenya na Uganda ulipatikana kwa njia nyingine. Amri ya kifalme ya mwaka 1926 inaanzia kwenye digrii 1 kusini, kisha inapanda kaskazini moja kwa moja hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid. Yaani latitudo walitaja kwa namba, longitudo wakaiachia jiwe. Si ajabu: latitudo ilipimwa tangu kale kwa urefu wa nyota, na mabaharia wa Bahari ya Hindi waliifanya kwa ubao na kamba yenye mafundo, kamal. Longitudo ilisubiri saa isiyopoteza muda melini, ile ya John Harrison iliyojaribiwa baharini mwaka 1761.

Migingo, mwamba mdogo ambao boti za Sori huuendea kutafuta mbuta, umo katika habari hii ya mpaka wa Kenya na Uganda. Kwa vipimo vilivyoripotiwa, uko kama mita 500 tu upande wa Kenya. Umbali huo ni takriban sekunde 16 za longitudo, na dakika moja ina sekunde 60. Anayeandika mahali pa kisiwa hicho kwa digrii na dakika peke yake ameacha nafasi ya karibu kilomita mbili, ambayo inatosha kukihamishia Uganda na kukirudisha. Simu ya mvuvi inaonyesha hadi sekunde.

Waandishi wa habari na walimu, mnapotaja Migingo, andikeni sekunde, na msisahau kuandika kusini na mashariki.