Mishororo, Tanbihi na Alama za Markdown: Historia Fupi

Wanafunzi wanaoandika tasnifu kwa Markdown huuliza kwa nini shairi lililopangwa vizuri katika programu moja hutoka limeshikana kama insha katika nyingine. Jibu limo katika historia.

Markdown ilitolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber, Aaron Swartz akichangia mawazo. Nia ilikuwa matini isomeke vyema hata kabla ya kugeuzwa. Lakini Gruber aliwalenga waandishi wa kurasa za intaneti. Hakuweka tanbihi wala majedwali. Mistari inayofuatana huunganishwa kuwa aya moja, isipokuwa mwandishi aache nafasi mbili mwishoni mwa kila mstari, nafasi ambazo hata hazionekani kwa macho! Kwa mwalimu wa ushairi hilo ni pigo. Tarbia ikipoteza mishororo yake minne, mwanafunzi ataonyeshaje vina vya kati na vya mwisho?

Pengo hilo lilizibwa na watunzi wa programu za kugeuza matini, kila mmoja kwa alama zake. Mwaka 2005 Fletcher Penney alitoa MultiMarkdown, yenye tanbihi na majedwali. Mwaka 2006 akafuata John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na programu yake Pandoc. Huyu aliyajua mahitaji ya wanazuoni. Katika Pandoc ya leo, mstari wima mwanzoni mwa kila mshororo huuhifadhi ubeti ulivyo. Alama (@) nayo huipa mifano ya sentensi namba mfululizo katika waraka mzima. Ukichomeka mfano mpya katikati, namba hujirekebisha zenyewe. Kwa wanasarufi, naona hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote.

Ila programu isiyozijua alama hizo huuchapa mstari wima kama ulivyo, katikati ya maneno. Mwaka 2014 MacFarlane na wenzake walitoa CommonMark ili kusanifisha mambo ya msingi. Jina lao la kwanza, lililodai kuwa hiyo ndiyo Markdown sanifu, lilibadilishwa baada ya Gruber kulipinga. (Sisi tuliosoma mvutano wa Kiunguja na Kimvita hatushangai.) Mstari wima wa mashairi haumo katika CommonMark, wala tanbihi. Machi 2016, waraka wa kiufundi RFC 7763 uliweka nafasi ya kutaja aina ya Markdown iliyotumika. Basi mwanafunzi anayempelekea msimamizi faili lenye beti au mifano ya namba, na aandike juu yake jina la programu itakayoligeuza.