Kigali: Namna ya kumchagua mkufunzi wa mazoezi ya viungo

Tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari katika Jumapili maalumu, nao wakazi hukimbia, huendesha baiskeli na kunyoosha viungo kwa pamoja. Baadhi yao hutamani baadaye mkufunzi wa kuwasimamia binafsi.

Uteuzi huo wahitaji uangalifu, kwani misuli iliyotuna si ushahidi wa ujuzi. Mkufunzi bora hutambulika kwa maswali yake ya awali: huulizia shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo, ujauzito, majeraha na dawa zinazotumiwa. Penye shaka, humwelekeza mteja kwa daktari kwanza. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa akinyanyua chuma kizito huku amebana pumzi, shinikizo hupanda ghafla na kuhatarisha maisha yake.

Mteja naye anaweza kuomba kuona cheti, kuuliza iwapo mkufunzi amejifunza huduma ya kwanza, na kuomba siku moja ya majaribio. Malipo na ratiba ni vyema viandikwe.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Kiwango hicho hufikiwa hatua kwa hatua. Anayeahidi mwili mpya kwa wiki 2, au anayemhimiza mteja aendelee licha ya maumivu ya kifua, hafai kuaminiwa.