Ikulu ya Mtemi, Ngitili na Dhahabu: Nani Mwenye Urithi Usukumani?

Kuanzia Kishapu hadi Geita, ardhi hii ina mali za aina mbili. Ya kwanza imepimwa, ikachorewa ramani na kukatiwa leseni: dhahabu na almasi. Ya pili mara nyingi haina hata kibao cha kuielekeza njiani: ikulu za watemi (watawala wa jadi), makaburi yao, miti ya matambiko, na marundo ya mavi ya chuma yaliyoachwa na Walongo, wahunzi waliochoma mawe na kufua majembe huku Geita zamani sana kabla ya mtu yeyote kusikia habari za hisa za mgodi. Mali ya kwanza ina wenyewe wengi, nao hukutana mezani wakiwa na mawakili. Ya pili, kila ikitajwa, husemwa ni ya wote, kisha nyasi zinaendelea kuifunika.

Siku hizi wengi husema maeneo ya urithi yaliyo mbali na miji yarudishwe mikononi mwa jamii. Kauli hiyo inapendeza, lakini kwanza tuulize: jamii ipi, na irudishiwe kitu gani hasa? Historia ya Usukuma na jirani zake, Usumbwa na Uzinza, ina majibu kwa anayetaka kuyasikia.

Zamani za utemi, umiliki ulikuwa na masharti. Mtemi alikuwa na ngoma za enzi, kiti chake na kibangwa, kile kipande cha duara cha kombe la Bahari ya Hindi kilichopita mkono kwa mkono katika njia za misafara hadi kikawa alama ya utawala bara. Lakini mtemi hakuwa mwenye nchi kwa maana ya kuweza kuiuza. Wazee walimchagua, na katika sehemu nyingi urithi ulipita upande wa mama, hivyo mtoto wa dada akamtangulia mtoto wa kuzaa. Mvua ikikataa mwaka hadi mwaka, mtemi angeweza kuondolewa. Ngoma alizikalia kwa dhamana, na dhamana hiyo ilikuwa na watu wa kuidai.

Walongo nao walikuwa na utaratibu wao. Tanuru halikuwashwa hovyo. Palikuwa na miiko, dawa na mgawanyo wa kazi kati ya wavukutaji, wachoma makaa na fundi mwenyewe. Majembe yao yalitumika mashambani, na pia yalitolewa kuwa mahari. Leo ukiokota vipande vya mirija ya udongo iliyopitishia upepo wa mivukuto, utaona ncha yake imeyeyuka na kung'aa kama kioo cheusi. Pale moto ulipokuwa mkali zaidi, udongo wenyewe uligeuka. Huo ni waraka wa ufundi usiohitaji maandishi, lakini katapila linaweza kuufuta kwa asubuhi moja.

Ukoloni uliacha majengo na kubadilisha dhamana. Waingereza waliwafanya watemi kuwa maofisa wa kodi, mahakama na pamba. Mwaka 1946 shirikisho la watemi wa Usukuma liliundwa, makao yake yakiwa Malya. Mwaka mmoja kabla, Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya huko Shinyanga, alikuwa ameteuliwa pamoja na Abdiel Shangali wa Machame kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Ikulu zikapata mabati, saruji na makarani. Urithi wa upande wa mama ukaanza kuupisha wa upande wa baba. Mtemi akawa anamjibu bwana shauri zaidi kuliko wazee wake. Wakati huohuo misitu ya Shinyanga ilifyekwa eneo baada ya eneo ili kufukuza mbung'o na kupisha pamba na ng'ombe. Bei ya hilo ilikuja kulipwa baadaye.

Uhuru ukaja, na mwaka 1963 sheria ikafuta utemi. Serikali ilikuwa na sababu nzito: taifa changa halikutaka mamlaka mbili katika kijiji kimoja. Ila hakuna aliyeamua nini kifanyike kuhusu ikulu, ngoma na viti. Baadhi ya vifaa vilibaki na familia, vingine vikapotea. Vingine vilipata hifadhi Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alikuwa akikusanya urithi wa Wasukuma tangu miaka ya 1950. Makumbusho ya Bujora yana banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na sikukuu ya Bulabo bado inayakutanisha makundi ya Bagika na Bagalu kwa mashindano ya ngoma kila mwaka. Hapa pana somo la kwanza. Vitu viliokolewa kwa sababu kulikuwa na taasisi yenye paa, mtunzaji na kalenda. Lakini taasisi hiyo ilikuwa ya Kanisa, na ngoma iliyohama utemi wake huwa imeokoka na kuhama kwa pamoja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikusaidia sana upande huu. Ulinzi wake wa moja kwa moja uliwekewa mpaka wa miaka: vitu vinavyohamishika viwe vya kabla ya 1863, na majengo yawe ya kabla ya 1886. Ikulu nyingi za watemi tunazoziona leo ni za wakati wa Mwingereza. Ili zilindwe, lazima zitangazwe moja moja, na tangazo huanza na mtu kuandika barua, kuifuatilia, na kuifuatilia tena.

Kisha likaja pigo ambalo halikulenga urithi lakini liliupata. Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha Wasukuma kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika hadi kwenye vijiji vya mistari. Watu waliacha mahame, na katika mahame hayo kulikuwa na makaburi ya baba na babu. Tayari mwaka 1969 ilikuwepo sheria ya kuhamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo hata mfupa uliokwishalala ulikuwa na mwenye kauli mwingine: Serikali.

Mwenye kauli huyo anaonekana vizuri zaidi kwenye madini. Mwadui, alikogundua almasi John Williamson mwaka 1940, ilijenga mji wenye uzio, shule na uwanja wa ndege, na vijiji vya Kishapu vikabaki nje ya uzio. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ukafungwa mwaka 1966, ukafufuliwa kwa sura ya machimbo makubwa ya wazi mwaka 2000. Bulyanhulu, wilayani Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 ili kupisha mwekezaji, na mgodi ukafunguliwa mwaka 2001. Buzwagi ulianza 2009, na kufikia 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Mgodi mmoja una umri mfupi kuliko mwembe, lakini ndani ya umri huo unaweza kuhamisha kilima ambacho vizazi kadhaa vilikiheshimu.

Wachimbaji wadogo nao si malaika. Mahali pakitema dhahabu, habari husambaa usiku mmoja. Asubuhi kuna maduara ya kuchimba, makarasha ya kusaga mawe, mama lishe na bodaboda. Hakuna anayeuliza kama mti ule ulikuwa wa matambiko. Wengi wao ni vijana wa hukohuko, wajukuu wa wazee wanaolalamika. Hili litazamwe kwa macho makavu: mara nyingine anayeharibu urithi wa jamii ni jamii yenyewe, ikiwa na njaa.

Je, umiliki wa jamii unaweza kufanya kazi? Shinyanga ina jibu, na halikutoka makumbusho. Limetoka malishoni. Ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua katikati ya kiangazi, ndama na ng'ombe wa kukamua wapate chakula wakati nchi imekauka. Halizungushiwi waya. Kila mtu anajua mpaka wake. Likifunguliwa, hulishwa kipande kwa kipande, ng'ombe hawaachiwi eneo lote kwa siku moja. Mwenye kuvunja utaratibu hupelekwa dagashida, baraza la kimila, akatozwa faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, ndio wanaohakikisha inalipwa.

Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa karibu kuwa jangwa, na ngitili zilizobaki zilihesabiwa kwa hekta mia chache tu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walipanda miche kwa bidii. Mafanikio makubwa yalikuja walipoacha kuwafundisha wenyeji jambo walilolijua na kuunga mkono ngitili zao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika mamia ya vijiji, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu walirudi kupata kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali na matunda ya porini.

Kwa nini ngitili ilirudi wakati ikulu nyingi zinabomoka? Upendo wa asili peke yake hautoshi kueleza. Ngitili ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, kanuni zenye faini, na faida iliyorudi kwa yule aliyeitunza. Ikulu ya mtemi baada ya 1963 ilikosa vyote vitatu. Familia iliona ni yao, kijiji kikaona ni eneo lake, Serikali ikaona ni historia ya taifa. Paa likivuja, kila mmoja alimtazama mwenzake.

Mifano ya jirani inakubaliana na hili. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini wenyeji waliokuwa wakifanya matambiko ya mvua kwenye miamba hiyo wamegongana mara kwa mara na wahifadhi, wanaoona pombe inayomwagwa ni uharibifu. Hapo ulinzi upo, ila mwenyewe amegeuka mgeni anayeomba ruhusa. Pwani ya Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na ikafika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wa kaya waliendelea kuwa walinzi, na sheria ya nchi ikawaongezea nguvu dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Uganda, makaburi ya Kasubi yaliungua Machi 2010 yakiwa mikononi mwa Ufalme wa Buganda. Umiliki haukuzuia moto. Ila ukoo wa Ngeye, ambao kwa mila ndio wenye kazi ya kuezeka, ulikuwepo kuezeka upya, na mwaka 2023 makaburi hayo yakatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Wanaopinga umiliki wa jamii wana hoja, nazo zisipuuzwe. Jamii si mtu mmoja. Huku Shinyanga na Geita, vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani zilizohusishwa na utajiri wa madini na uvuvi. Sungusungu waliolinda ng'ombe wamewahi pia kuadhibu wasio na hatia. Ukisema eneo la matambiko ni la jamii, jua kwamba mjane anayetuhumiwa uchawi kwa macho yake mekundu naye ni jamii, na kauli yake lazima isikike. Tena, utemi ukirudi kwa heshima, kama ulivyoonekana Kisesa mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipopewa jina la Chifu Hangaya, au kwenye tamasha la Sanjo ya Busiya huko Kishapu, kuna hatari familia moja ikachukua nafasi ya watu wote. Ngitili zenyewe zimeonyesha hilo: mwenye ng'ombe wengi na eneo kubwa hufaidi kuliko jirani asiye na kitu.

Ndiyo maana nasema umiliki ukabidhiwe, lakini kwa hati na kwa masharti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ikulu, makaburi na msitu wake vipimwe, viingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na hati iandikwe kwa jina la wadhamini: ukoo wa mtemi uwe na kiti, wazee wa mila wawe na kiti, na mkutano mkuu wa kijiji uchague waliobaki, wanawake na vijana wakiwemo. Kanuni ziwe sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri, ili faini isitegemee hasira ya siku.

Fedha zipo pia. Halmashauri zenye migodi hupokea ushuru wa huduma, na tangu mwaka 2017 kampuni za madini zinatakiwa kukubaliana na serikali za mitaa kuhusu mipango ya kuisaidia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni haki. Kiasi kidogo tu kingetosha mabati, mlinzi, na kijana wa kijijini anayelipwa kuwaongoza wageni.

Linabaki jambo ambalo hati ya kimila haiwezi: chini ya ikulu hiyo madini ni mali ya Jamhuri. Kijiji kinaweza kumiliki kaburi la mtemi kwa juu, na leseni ikapita kwa chini. Hapa Serikali ndiyo pekee yenye nguvu, na ndipo wajibu wake ulipo. Iorodheshe maeneo haya na kuyatangaza kabla ramani za leseni hazijachorwa, halafu uendeshaji wa kila siku iwaachie wenyewe. Kijiji kinachopewa ufunguo wa ikulu bila uwezo wa kulikataa katapila hakijapewa umiliki. Kimepewa kazi ya ulinzi isiyo na mshahara, na kazi hiyo watu wa huku wameifanya vya kutosha.