Kuziba Bomba la Moshi: Lori la Jeshi na Historia ya Ufundi Arua na Koboko

Historia ya West Nile imeandikwa zaidi kwa majina ya wanajeshi. Ikitajwa Koboko, wengi hukumbuka Idi Amin. Ikitajwa Arua, hukumbuka vijana walioandikishwa katika King's African Rifles wakati wa ukoloni, na katika jeshi la Uganda baada ya uhuru wa 1962. Insha hii inajadili kitu kidogo zaidi: bomba la moshi la lori kuukuu la jeshi, na fundi anayepaswa kuamua aliunge au aweke jipya. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo wa gereji hubeba ndani yake siasa na biashara ya nchi nzima, na hutuonyesha Kiswahili cha Uganda kwa sura inayotajwa kwa nadra.

Tuanze na chombo chenyewe. Mfano mzuri ni Bedford RL, lori la Kiingereza la miaka ya 1950 na 1960 lililotumiwa sana na jeshi la Uingereza na kuenea hadi katika majeshi ya makoloni yake ya zamani. Injini yake ni ya petroli, yenye silinda sita. Moshi hutoka kwenye silinda, hukusanywa na manifoldi ya chuma cha kusubu, hupita katika bomba hadi kwenye sailensa, kisha hutoka nje. Njia hiyo huchakaa kwa sababu tatu. Kwanza ni joto: chuma hutanuka injini ikiwaka na hunywea ikizimwa, mpaka gasketi inaungua na bolti zinakatika. Pili ni maji: petroli ikiungua hutoa mvuke, na safari ikiwa fupi mvuke huo hugeuka matone ndani ya sailensa, kutu ikala bati kuanzia ndani. Tatu ni barabara ya vumbi na mashimo, ambayo hulegeza vishikizo hadi bomba linaning'inia na kupasuka.

Tundu katika bomba si suala la kelele tu. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni. Ikipenya ndani ya kibanda cha dereva, au chini ya turubai walikoketi askari, huleta maumivu ya kichwa, kisha usingizi, na hatimaye kifo. Fundi aliyeziba tundu hilo alikuwa akilinda uhai wa watu.

Kwa nini basi asiweke bomba jipya? Hapo ndipo siasa inapoingia. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na pamoja nao wakaondoka waagizaji wengi wa bidhaa, wenye maduka ya spea na mafundi. Mwaka 1976 Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Wakati huo silaha nyingi za jeshi zilikuwa zinatoka Umoja wa Kisovieti. Vyombo vya Kisovieti hupimwa kwa milimita, Bedford kwa inchi. Nati ya kimoja haishiki bolti ya kingine. Jeshi lenye vyombo vya asili mbili huhitaji ghala mbili za spea, na hii ilikuwa nchi ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu.

Hali kama hiyo humfundisha fundi kazi ambayo haimo katika kitabu cha kiwanda. Sehemu ya bomba iliyooza hukatwa, kikavishwa kipande cha bomba pana kidogo na kuchomelewa pande zote mbili. Sailensa huundwa upya kwa bati la pipa. Bolti iliyokatikia ndani huchomelewa nati juu yake. Joto hulegeza kutu, kisha hufunguliwa kwa spana. Manifoldi ndiyo ngumu kuliko zote. Chuma cha kusubu kikichomelewa kikiwa baridi hupasuka tena kando ya kiungo, kwa hiyo hupashwa moto kwanza, na baadaye hufukiwa katika jivu au mchanga kipoe polepole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Uganda ya miaka ile matofali ya ukuta hayakupatikana, hivyo kuziba ndiko kulikobaki.

Vita vya Kagera vilivyoanza Oktoba 1978 vililivunja jeshi hilo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Mwaka 1980 askari wa zamani wa Amin walirudi kwa silaha, wakashambulia Koboko na Arua. Kisasi cha jeshi jipya la UNLA kiliwafanya raia wengi wakimbilie Sudan na Zaire. Waliporejea, mlango wa ajira ya jeshi ulikuwa umefungwa kwa wengi wao. Baadhi waligeukia biashara ya mpakani. Maarufu zaidi ni OPEC Boys wa Arua, waliouza kando ya barabara petroli iliyovushwa kutoka Zaire. Biashara huhitaji magari, na magari makuukuu huhitaji mafundi. Naona hapa ndipo ufundi wa kambini ulipopata mteja mpya, yaani mfanyabiashara anayesafiri kati ya Ariwara, Arua, Koboko na Kaya.

Mteja huyo na fundi wake walihitaji lugha. Arua na Koboko ni makutano ya Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Wakongo na Wasudani, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizowaunganisha. Kilikuwa lugha ya amri ya jeshi tangu ukoloni, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Ndiyo maana Waganda wengi wa kusini walikihusisha na askari na wanyang'anyi. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike hivyo, lakini kivuli hicho hakijaondoka kabisa. Hata hivyo, jeshi lililotoa amri za kupiga kwa Kiswahili lilikuwa pia na magari ya kutengeneza. Spana, nati, bolti, gasketi na gereji ni sehemu ya historia ya lugha hiyo kama zilivyo amri za gwaride.

Leo barabara ya lami ya kilomita 92 inaunganisha Vurra, Arua, Koboko na Oraba, na bidhaa hufika kwa urahisi kuliko zamani. Mafundi waliojifunza kufukia manifoldi katika jivu wanazeeka, na msamiati wao haujaingia vya kutosha katika kamusi zetu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuwatembelea kabla hawajaondoka nao. Kazi inaweza kuanza kwa maswali mawili tu gerejini: sehemu hii unaiitaje, na nani alikufundisha jina lake?