Sengu ya Ghorofa ya Nne

Binti yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Kapata fleti ghorofa ya nne, bei nafuu, hati imebakiza miaka 64. Nikamuuliza, "Paa likivuja, nani anapanda?" Kimya. Kisha, "Baba, pale kila mtu na lake. Msimamizi hakuna." Umeme wa pampu ya maji alikuwa akiulipia jirani wa chini, hadi alipochoka akaizima.

Mimi ni mtu wa Kindimba, Mbinga, ghorofa sikuzizoea. Lakini swali la paa nalijua, kwani Wamatengo tumeliishi mteremkoni. Wangoni walipotuvamia karne ya 19, wazee walijibana milimani, na kulima ardhi iliyosimama kama ukuta kukazaa ngolo. Mwezi wa tatu wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza zikikatana miraba, kila mraba kama hatua mbili za mtu mzima. Wanawake huchimba katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo huo pande zote nne. Hapo katikati hubaki shimo. Maharage humea juu ya matuta. Mvua hutulia shimoni, haikimbii mtoni na udongo wetu. Ukiwa ng'ambo, mlima mzima unauona kama sega la nyuki.

Aliye juu akizembea, maji hubomoa matuta ya aliye chini. Ndiyo maana ntambo, mgongo wa mlima kati ya vijito viwili, ulikuwa wa ukoo mmoja chini ya mzee wake, bambo. Wanaume walikula pamoja kwa bambo, kila nyumba ikileta chakula chake. Hiyo ndiyo sengu. Katikati ya matonge yaliamuliwa ya mashamba, ya ugomvi, na ya uvivu wa fulani. Ni vigumu kukwepa zamu mkono wako ukiwa kwenye mboga ya mwenzio.

Miaka ya 1920 ikaja kahawa. Mkahawa hauhami; anayeupanda huwachumia na wajukuu. Kipande cha ntambo kikawa shamba la fulani, fedha ikaingia nyumba mojamoja, na sahani zikaifuata. Sengu ikalegea.

Sheria nayo ilikuwa na njia yake. Mwaka 1923 Waingereza waliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Mwaka 1963 umiliki wa milele uligeuzwa pango la miaka 99, na tangu hapo mnunuzi wa mjini hununua miaka. Sheria ya mwaka 2008 ya sehemu za majengo ikataka wenye fleti wawe na chama chao cha kutunza ngazi, paa na vyote vya pamoja. Nilipoisoma nilicheka: sengu, ila bila ugali.

Nikamwambia binti, kabla hujatoa hata shilingi, nenda Jumamosi jioni ukagonge milango yote. Akagonga minane. Ilifunguliwa mitatu, na wa tatu alikuwa yule aliyezima pampu. Akamkaribisha chai.