Chokaa: jiwe linalochomwa likarudi kuwa jiwe

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Unguja. Lipu ya ukuta wa chini katika nyumba ya marehemu babu yetu, Mji Mkongwe, imeanguka tena, na fundi anataka pesa za saruji. Mimi niko Deira, hapa Dubai. Kabla ya kutuma pesa nilitaka kujua: kwa nini saruji tuliyoipiga juzijuzi imebanduka, na chokaa aliyoiacha babu ghorofani bado imeshika? Niliyojifunza nayaandika hapa, maana wengi wetu huku Ghuba tuna nyumba kama hiyo nyumbani.

Kuchoma

Pwani yetu chokaa hutokana na mawe ya matumbawe, ambayo sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu. Wachomaji hupanga magogo, hurundika mawe juu yake, kisha hutia moto. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki oksidi ya kalsiamu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kilo 100 za kabonati safi huacha kilo 56 tu. Kilo 44 hupaa. Hiyo iliyobaki ndiyo chokaa isiyozimwa: nyeupe, na yenye kiu kubwa ya maji. Hata unyevu wa hewani huunyonya, ndiyo maana haiwekwi penye majimaji.

Kuzima

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kilo 56 hunywa kilo 18 za maji zikawa kilo 74 za haidroksidi ya kalsiamu. Chokaa huvimba, hupasuka, na hutoa joto la kutosha kuchemsha maji. Baada ya hapo mafundi wa zamani waliiacha shimoni kwa muda mrefu ili ilainike. Hii iliyozimwa ndiyo bibi zetu waliipaka kwenye tambuu.

Kurudi kuwa jiwe

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Ukutani, chokaa hairidhiki na kukauka tu. Hunyonya ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanurini, na taratibu, kuanzia nje kwenda ndani, hurudi kuwa kabonati, yaani jiwe lile lile. Kazi hii huchukua wiki, na kwenye ukuta mnene huchukua miaka.

Hapo nikapata jibu langu. Ukuta wa matumbawe hupandisha maji na chumvi kutoka ardhini. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, na maji hupita yakakauka nje. Saruji ni ngumu na imebana. Maji hubaki nyuma yake, chumvi huganda na kusukuma, na lipu huanguka pamoja na vipande vya jiwe la babu.

Ndugu zake wa huku

Ukitembea mtaa wa Al Fahidi, kando ya Khor Dubai, utaona kuta za matumbawe na boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka pwani yetu. Lakini zilipakwa jasi, si chokaa. Jasi ni salfeti ya kalsiamu yenye maji ndani yake. Huchomwa kwa joto dogo, chini ya nyuzi 200, na hushika haraka ikichanganywa na maji. Oman nako wana saruj, ya udongo uliochomwa, waliyojengea mifereji ya falaj na ngome. Jina lake ndilo tunaloita saruji ya viwandani leo, ingawa ni vitu viwili tofauti.

Tahadhari

Chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha. Vaeni glovu na miwani ya kazi. Tieni chokaa kidogo kidogo kwenye maji mengi. Msimwagie maji rundo la chokaa. Watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali mara moja.

Pesa nimetuma. Mdogo wangu ataanza kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba ruhusa, kisha fundi atabandua saruji yote, auache ukuta upumue, ndipo apige chokaa na mchanga. Fundi amelalamika kwamba itachukua muda. Nimemwambia mdogo wangu: mwache alalamike, ya babu nayo ilichukua muda.