Nyumba Isiyo na Siku ya Kuondoka: Miaka 20 ya Kijiji cha Watoto Oldeani

Mwaka 2004, huko Oldeani wilayani Karatu, pale mashamba ya kahawa yanapokoma na msitu wa Ngorongoro kuanza, Mmarekani India Howell na Mtanzania Peter Leon Mmassy walifungua makao ya watoto ambao hawakuwa na kwao. Mahali hapo pakaitwa Rift Valley Children's Village. Mwaka 2024 kijiji hicho kilitimiza miaka 20. Katika muda huo mtoto aliyepokelewa akiwa mchanga amefika chuo, na aliyepokelewa akiwa darasa la kwanza anaweza kuwa na watoto wake mwenyewe. Ni muda unaotosha kuieleza historia yake kwa utulivu, na kuianzia mahali pake, yaani kwenye ardhi na kazi za watu wa Karatu.

Oldeani imekuwa nchi ya vibarua kwa karibu karne nzima. Walowezi wa Kijerumani walianza kupanda kahawa kwenye miteremko hiyo miaka ya mwisho ya 1920 na kuendelea katika miaka ya 1930. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwakamata na kuwaweka kizuizini, na mashamba yakaangukia mikononi mwa wengine. Wenye mashamba walibadilika, lakini utaratibu wa kazi ulibaki. Watu waliitwa kutoka Mbulu, kutoka Singida, kutoka popote palipokuwa na njaa ya fedha, wakapewa chumba kambini na kazi ya kupalilia na kuchuma. Kambi zikazaa watoto, na watoto nao wakazaa watoto wao.

Ukiteremka kutoka huko juu kuelekea Ziwa Eyasi unafika Baray na Mang'ola, na mambo ni yaleyale kwa zao jingine. Chemchemi zinazolishwa na mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro humwagilia mashamba ya vitunguu katika bonde ambalo bila maji hayo lingekuwa kavu kabisa. Msimu ukiiva, vibarua hufika kwa malori na kwa miguu kuja kupanda, kung'oa, kukata majani na kujaza magunia. Wahadzabe na Wadatoga walikuwepo kabla yao, Wairaqw wameenea, na juu yao wamejaa wageni wa kila kabila. Bei ya kitunguu ikianguka, kuna familia inayoshindwa kulipa kodi ya chumba mwezi huohuo.

Naliweka hili mbele kwa sababu watu wengi hudhani kukosa makazi ni jambo la mijini, la wanaolala kwenye varanda za maduka Arusha au Dar es Salaam. Shambani hali hii hujificha vizuri zaidi. Nyumba ya kibarua ni mali ya kazi yake. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Mama akifariki kwa uzazi au kwa ugonjwa na baba akaondoka kutafuta kibarua kwingine, mtoto hubaki kwa jirani ambaye naye hana uhakika wa kulala hapo mwakani. Katika vijiji vya asili yatima huwa na shangazi, mjomba, bibi. Ukoo hukaa kikao na mtoto hupewa mlezi. Kambini ukoo uko mbali, pengine umbali wa siku mbili kwa basi, na mara nyingi hakuna aliyebaki anayejua jina la kijiji mama alikotoka.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka 20 iliyofuata dawa za kufubaza virusi hazikuwa kitu cha mtu wa kambini. Mpango wa taifa wa kuzitoa bure ulianza mwishoni mwa 2004, mwaka uleule Kijiji cha Watoto kilipofunguliwa. Maana yake ni kwamba watoto wa mwanzo walikuwa wa kizazi ambacho dawa ziliwakuta wazazi wao wamekwisha kuzikwa.

Howell alifika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 kupanda Kilimanjaro. Baadaye akarudi kufanya kazi kwenye utalii upande wa Arusha, ambako alikutana na watoto wa mitaani. Hadithi ya mgeni anayepanda mlima na kubaki kusaidia tumeisikia mara nyingi hapa kaskazini, na si zote zilizoishia vizuri. Ninachokiheshimu katika hii ni uamuzi uliofuata. Taasisi iliundwa mwaka 2003 kwa jina la Tanzanian Children's Fund, na waanzilishi wawili wakakubaliana kwamba mtoto atakayeingia hataingia kwa muda. Wao wenyewe wakawa walezi wake wa kisheria. Hatolewi kwa familia nyingine kumwasili wala kuhamishwa makao akishakua, na hana siku iliyoandikwa ya kufunga begi. Watoto wakamwita Howell Mama India, na jina hilo likaenea hadi nje ya ua.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana ukihesabu umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyofuta sheria ya zamani ya makao ya watoto ya mwaka 1968, inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sasa mchukue mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka 7 bila kurudia darasa. Anafika kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, na kidato cha sita bado kiko mbele. Aliyechelewa kuanza kwa sababu hakuwa na wa kumpeleka shule, kama walivyo wengi wa aina hii, anatimiza 18 akiwa kidato cha pili. Makao yanayomtoa siku hiyo yanamrudisha mtaani katikati ya muhula, tena bila hata kambi ya mama yake ya kurudia. Oldeani waliliona hilo mapema. Aliyeenda bweni au chuo hurudi likizo nyumbani kama mtoto yeyote wa watu.

Mpangilio wa ndani ni wa nyumba mojamoja, kila nyumba na mama zake, wanawake wa Kitanzania wanaopika, wanaoamsha watoto asubuhi, wanaokagua madaftari na kukesha na mwenye homa. Mtindo huu una babu yake. Hermann Gmeiner aliuanzisha huko Imst, Austria, mwaka 1949, kwa yatima wa Vita Kuu ya Pili, na vijiji vya SOS vilivyotokana naye viko hapa nchini pia, Zanzibar, Arusha, Dar es Salaam na Mwanza. Katika historia nyingi za namna hii mama wa nyumba hutajwa kwa sentensi moja, kisha kurasa kumi hupewa wafadhili. Mimi ningegeuza hesabu hiyo. Fedha za Marekani zilijenga kuta na kulipa mishahara, lakini mtoto anayeamka usiku akilia haendi kwa mfadhili. Kazi ya miaka 20 imebebwa na wanawake ambao baadhi yao wameacha watoto wao kwa bibi ili walee wa wenzao.

Nje ya Afrika kuna mjadala unaofanana na uamuzi huo wa Oldeani wa kumpa mtoto nyumba ya kudumu, ingawa unahusu watu wazima. Mwaka 1992 huko New York, Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing kwa fikra iliyowashangaza maofisa wa wakati huo. Mtu anayelala barabarani apewe nyumba kwanza, bila sharti la kuacha pombe wala kumaliza matibabu, kisha huduma zimfuate humo ndani. Finland iliigeuza fikra hiyo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008, na idadi ya wasio na makazi ikapungua huku nchi nyingi za Ulaya zikishuhudia ongezeko. Mantiki iliyo chini ya mpango huo ndiyo iliyo chini ya kazi ya Oldeani. Mtu hatulii akili, hasomi, haponi, ikiwa hajui atalala wapi mwezi ujao. Uhakika wa mahali pa kulala hutangulia, na msaada mwingine husimama juu yake.

Sasa nifike kwenye sehemu ya historia hii ninayoiona kuwa kubwa kuliko nyumba zenyewe.

Watoto wa kijiji walipaswa kusoma, na shule iliyokuwa karibu ilikuwa Shule ya Msingi Gyetighi, ya serikali. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza 2002, na kama kila mahali nchini, madarasa yalijaa kupita uwezo wa walimu. Njia rahisi kwa shirika lenye wafadhili ilikuwa kujenga shule yake ndani ya uzio, yenye sare nzuri na Kiingereza tangu chekechea. Hawakufanya hivyo. Walikaa na halmashauri na wanakijiji, wakachangia walimu wa ziada na madarasa katika shule ileile ya umma, na watoto wao wakakaa dawati moja na watoto wa kambi. Baadaye ushirikiano ukafika sekondari. Faida yake haimo kwenye matokeo ya mitihani tu. Mtoto wa Mama India hakuwa mtoto wa pembeni mwenye viatu ambavyo mwenzake hana, anayechukiwa njiani. Na mtoto wa mchuma kahawa hakulazimika kuwa yatima ndipo apate mwalimu.

Hatari hii ya mtoto kulazimika kuwa yatima ili ahudumiwe ni ya kweli, na wahudumu wa ustawi wa jamii wanaifahamu. Makao yakiwa na chakula, shule na dawa, na nyumba za jirani hazina, mzazi maskini hupata sababu ya kumleta mwanawe ingawa yeye mwenyewe bado yu hai. Hivyo ndivyo makao mengi duniani yalivyojaa watoto wenye mama. Dawa yake ni kuipeleka huduma nje ya uzio. Oldeani walifanya hivyo kwa afya, kwa kliniki za bure kwa majirani, zikisaidiwa na madaktari wa FAME, hospitali ya Karatu iliyoanzishwa na daktari Frank Artress na mkewe Susan Gustafson. Wakafanya hivyo pia kwa mikopo midogo, kwa vikundi vinavyodhaminiana, hasa vya wanawake. Mama mwenye genge au kuku wa kuuza anaweza kulipa chumba hata baba akiondoka. Kwangu mimi mkopo huo nao ni makazi, kwa sababu humwacha mtoto alale kwa mama yake.

Kuna hoja nzito dhidi ya makao ya watoto kwa jumla, na historia inayosherehekea haipaswi kuiruka. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, kwa watoto 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi, ulionyesha kwamba waliohamishiwa mapema kwenye familia za malezi walikua vizuri zaidi, akilini na moyoni, kuliko waliobaki. Mwishoni mwa 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo inayosema familia ije kwanza na taasisi iwe njia ya mwisho, na sheria yetu ya mwaka huohuo ina mwelekeo huo. Kaskazini mwa Tanzania tuna sababu yetu ya ziada ya kuwa macho. Kumekuwa na vituo vilivyofunguliwa kwa ajili ya watalii zaidi ya watoto, ambako mgeni huja wiki mbili, hukumbatia, hupiga picha na kuondoka, na mtoto hufunzwa kushikamana na watu wasiorudi.

Kijiji cha Oldeani nacho hupokea watu wa kujitolea na hutegemea michango ya ng'ambo, kwa hiyo maswali haya yanakihusu. Ninavyoona, kinajibu vizuri swali la mtoto asiye na ukoo wa kurejea. Kwa mtoto huyo mlezi wa kisheria asiyebadilika, nyumba ileile na mama wa nyumba anayemjua ni familia kwa kila kipimo kinachomgusa. Kwa mtoto mwenye bibi aliye hai, hata maskini, jibu sahihi ni kumsaidia bibi. Mashirika mazuri hutofautisha wawili hawa kabla ya kufungua geti, na kazi hiyo inamhitaji ofisa ustawi wa jamii mwenye pikipiki, mafuta na muda wa kwenda kuulizia ukoo hadi Iramba au Hanang. Swali la fedha bado liko wazi zaidi. Ahadi ya maisha yote kwa watoto waliokaribia 100 haiwezi kutegemea daima huruma ya walio mbali.

Turudi Baray. Ardhi kule bondeni ni nyingine, ya vumbi na joto, na kibarua wa kitunguu huhama haraka kuliko wa kahawa. Kujenga nyumba nyingine kama za Oldeani kungehitaji fedha ambazo hazipo, na pengine lisingekuwa jambo la kwanza kufanya. Kinachoweza kuteremshwa mlimani kwa gharama ndogo ni nusu ya pili ya kazi ile. Vikundi vya mikopo kwa wanawake wanaokata vitunguu. Siku ya kliniki inayofuata kalenda ya msimu, vibarua wanapokuwa wengi. Shule inayompokea mtoto katikati ya mwaka bila kudai barua ya uhamisho kutoka mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kumwandikia. Na daftari katika ofisi ya kata, linaloandika kila mtoto aliyefika na kibarua, jina la mama, na jina la kijiji mama alikotoka.